JINA LAKO BAADA YA NDOA

Somo la vikundi vya nyumbani na la wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa

Maandiko ya kusoma: Ezra 2:59-63, Ruthu 4:1-12, Waamuzi 12:5-6, Luka 10:20

Lengo la somo: Kila aliyeoa au kuolewa ajue afanye nini na jina lake kwenye karatasi, kwenye simu na kwenye intaneti, ili baraka ya ndoa isigeuke kuwa mzigo.



Tunamshukuru Mungu kwa ndoa zilizofungwa katika ushirika wetu. Tumeimba, tumecheza, tumekula. Lakini leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo hatukulifundisha vizuri zamani, na kwa kutolifundisha tuliwaumiza watu. Jambo lenyewe ni jina.

Dada mmoja wa ushirika wetu alifunga ndoa hapa kanisani. Siku ile ile tulitangaza mbele ya watu jina lake jipya, jina lake la ubatizo pamoja na jina la mume, na watu wakapiga vigelegele. Juma lile akabadili jina lake kwenye Facebook. Baada ya miezi kadhaa mtoto aliugua. Kaka yake aliye ng'ambo akatuma fedha za matibabu, na kwa kuwa alimheshimu shemeji yake, akaandika lile jina jipya. Dada alipofika kuchukua fedha, kitambulisho chake kilikuwa na jina la kwao. Akaambiwa: huyu si wewe.

Akaja kwetu mbio kuchukua cheti cha ndoa ili athibitishe. Hapo ndipo tulipoona kosa letu. Sisi wenyewe tulikuwa tumeandika katika nafasi ya bibi arusi lile jina jipya, na jina la kwao halikuwemo hata kidogo. Basi cheti chetu hakikuweza kuthibitisha kwamba mtu wa kitambulisho na mtu wa ndoa ni mmoja. Ilichukua siku tano mpaka kaka akasahihisha jina kule alikotumia fedha. Mtoto alitibiwa kwa mkopo wa akina mama wa kanisa, nasi tunamshukuru Mungu kwamba alipona. Lakini tulijiuliza: kama akina mama wasingekuwa na akiba, ingekuwaje? Tangu siku ile tuliamua kwamba somo hili litafundishwa.

1. WATU WALIOTAFUTA JINA LAO WASILIONE

Fungueni Ezra sura ya 2. Sura hii wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina tu. Lakini sisi wakimbizi tuisome polepole, maana ni orodha ya watu waliokuwa uhamishoni Babeli, sasa wanarudi kwao. Mstari wa 64 unasema jumla yao ilikuwa watu 42,360. Waliandikwa jamaa kwa jamaa, kama sisi tulivyoandikwa tulipovuka mpaka.

Katika mstari wa 61 tunakuta jamaa ya makuhani inayoitwa wana wa Barzilai. Baba yao wa zamani alioa binti wa Barzilai Mgileadi, naye akaitwa kwa jina la ukweni. Yaani hapa ni mwanamume aliyechukua jina la upande wa mke. Barzilai huyo alikuwa mtu wa heshima. Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Barzilai ni mmoja wa waliomletea chakula na matandiko kule Mahanaimu, tunasoma katika 2 Samweli 17:27-29. Kwa hiyo hatushangai kwamba mkwewe alipenda kuitwa kwa jina lile. Lilikuwa jina zuri.

Lakini vizazi vikapita, uhamisho ukaja, na siku ya kurudi wajukuu wakatafuta jina lao katika kitabu cha ukoo wa makuhani. Hawakuliona. Matokeo yakawa nini? Waliondolewa katika ukuhani, na liwali akawakataza kula vile vitu vitakatifu mpaka atakapopatikana kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Hawakuitwa waongo, wala hawakufukuzwa. Waliambiwa wangoje, na wakati wa kungoja hawakula sehemu ya makuhani.

Neno hilo "ngoja" sisi tunalijua. Tunajua pia posho inayosimama kwa sababu ya jina. Biblia haisemi kwamba kubadili jina kulikuwa dhambi, wala haisemi kwamba ndiyo sababu pekee ya jina kukosekana. Lakini inatuonyesha kwamba jina lililobadilishwa na kitabu kisichojua mabadiliko hayo vinaweza kumgharimu hata mjukuu ambaye hakuwako siku ya harusi.

2. JE, NI LAZIMA MKE ACHUKUE JINA LA MUME?

Swali hili tunaulizwa kila mara katika darasa la wachumba. Jibu letu ni hili: si lazima, wala si dhambi.

Tukitafuta katika Biblia, hatuoni amri kwamba mke aitwe kwa jina la mume. Sarai aliitwa Sara, lakini ni Mungu aliyempa jina lile kwa ajili ya ahadi, si Abrahamu kwa ajili ya ndoa (Mwanzo 17:15). Ruthu, hata siku Boazi anapomtwaa mbele ya wazee, bado anatajwa kuwa Ruthu Mmoabi. Na Mwanzo 2:24, andiko kuu la ndoa, linasema juu ya kuacha wazazi, kuambatana na kuwa mwili mmoja. Juu ya jina halisemi neno.

Tukiangalia desturi zetu, mababu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walimpa kila mtoto jina lake mwenyewe. Ndugu watano wa tumbo moja wangeweza kuwa na majina matano tofauti. Mwanamke alipoolewa hakuacha jina alilopewa na babaye. Aliongezewa heshima ya kuitwa Mama wa mtoto wake wa kwanza. Desturi ya familia nzima kubeba jina moja tulionyeshwa na wageni na ofisi zao. Si mbaya, lakini si mila ya Kikristo wala si mila ya Kiafrika.

Tena watu wetu wamekwisha kuonja kubadilishwa jina. Mwaka 1972 nchi ya Zaire iliamuru watu waache majina ya Kikristo na kubeba majina ya asili, na rais mwenyewe akaanza kuitwa Mobutu Sese Seko. Ndiyo maana wazee wengine kati yetu wana cheti cha ubatizo chenye jina moja na karatasi za shule zenye jina lingine. Tukumbuke taabu yao kabla hatujaongeza yetu.

Sheria ya hapa Uganda haimlazimishi mwanamke aliyeolewa kubadili jina. Kwa hiyo mume asimwambie mke wake, "Kama hunibebi jina hunipendi." Na mke aliyechagua jina la mume asichekwe kwamba amesahau kwao. Wakae wawili, waombe, waamue kabla ya harusi. Wakisha kuamua, wafuate njia moja mpaka mwisho. Hatari ipo katika kubadili nusu na kuacha nusu.

3. BOAZI ALIKWENDA LANGONI

Katika Ruthu 4 Boazi hakuanza na karamu. Alikwenda kwanza kwenye lango la mji, mahali pa kukata mashauri, akaketisha wazee kumi, akalimaliza neno mbele ya mashahidi. Naomi alikuwa amekwisha kumwambia Ruthu kwamba mtu yule hatatulia mpaka amelimaliza siku ile ile (Ruthu 3:18). Sisi nasi tuna malango yetu. Tuyapite kwa mpango, moja baada ya lingine.

Kabla ya kuanza, tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuandikisha ndoa ni jambo moja. Kubadili jina ni jambo lingine. Kubadili jina ni hiari, lakini kuandikisha ndoa kila mmoja afanye, hata anayebaki na jina la kwao. Mume na mke walioko kwenye karatasi mbili za familia wanaonekana ofisini kama watu wasiojuana. Mmoja akiitwa kwa jambo lolote, mwingine hatahesabiwa pamoja naye.

Lango la kwanza: cheti cha ndoa. Ndoa ifungwe katika kanisa lenye kibali cha serikali cha kufungisha ndoa, na nakala ipelekwe kwa msajili. Katika cheti, bibi arusi aandikwe kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chake siku hiyo, herufi kwa herufi. Jina jipya, kama lipo, litakuja baadaye. Cheti ndicho daraja kati ya jina la kale na jina jipya, na daraja lazima liguse kingo zote mbili. Hapa sisi wachungaji tunakiri tulikosea, na sasa tunamtaka kila mchumba alete kitambulisho kabla hatujaandika.

Lango la pili: karatasi ya familia na kitambulisho cha mkimbizi. Hizi zinatolewa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo wote tunaiita OPM. Nenda na cheti cha ndoa, karatasi zenu zote mbili, nanyi wawili wenyewe. Sema wazi ni jambo gani unalotaka: kuunganisha familia tu, au pia kubadili jina. Ukitaka kubadili jina, uliza kwanza ni karatasi gani za ziada zinazohitajika. Tangu uhakiki wa mwaka 2018 alama za vidole na za macho zimehifadhiwa, kwa hiyo pale ofisini unaweza kutambuliwa hata jina likiwa na shida. Lakini mwenye kibanda cha fedha hana alama za macho yako. Yeye anasoma jina tu. Kama una faili ya HCR ya jambo lolote, wajulishe pia juu ya ndoa, na watoto wakizaliwa vilevile. Huduma hizi ni bure. Mtu akikuambia toa kitu kidogo ili jina lipite haraka, huyo anakuibia.

Lango la tatu: laini ya simu na fedha za simu. Jina linaloonekana mtu akikutumia fedha halitoki kwako. Linatoka kwenye kitambulisho kilichosajili laini. Kama kitambulisho hakijabadilika, usijaribu kubadili hapa. Kitambulisho kipya kikitoka, nenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu na vyote viwili, kitambulisho na cheti. Kabla ya kwenda, toa fedha unazozihitaji juma lile, ili usikwame wakati wanahakiki. Kama posho yenu inakuja kwa fedha kupitia simu au kadi, uliza kwanza wanaohusika, kwa sababu majina yao na ya laini yako lazima yafanane. Kikundi cha akiba na benki wafuate.

Waarifu pia ndugu walio ng'ambo. Waandikie ujumbe mmoja, wazi: "Mkituma fedha, andikeni jina hili kama lilivyo kwenye kitambulisho changu." Heshima kwa shemeji ni njema, lakini kwenye karatasi ya kutuma fedha heshima ni kuandika jina sawasawa.

Lango la nne: barua pepe. Hapa kuna majina mawili. Kuna anwani yenyewe, na kuna jina linaloonekana kwa anayepokea barua. Jina linaloonekana unaweza kulibadili mwenyewe kwenye mipangilio. Anwani iache ilivyo, hata kama ina jina la usichana, kwa maana shule na ofisi wanaijua hiyo, na ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine. Ukifungua anwani mpya, usiifunge ya zamani. Na angalia namba ya simu iliyowekwa ya kurudishia neno la siri. Wengi walipoolewa walitupa laini ya zamani wakachukua laini ya mume, na siku waliposahau neno la siri, ujumbe wa kufungulia ukaenda kwenye namba isiyokuwa yao tena.

Lango la tano: Facebook na WhatsApp. Watu huanzia hapa kwa sababu hapa huombwi karatasi. Sisi tunasema iwe mwisho. Jina la WhatsApp unaweza kuliandika upya wakati wowote, kwa kuwa watu wanakujua kwa namba. Facebook ukibadili jina, huwezi kulibadili tena mpaka siku 60 zipite, basi hakikisha herufi kabla ya kubonyeza. Facebook ina pia nafasi ya kuongeza jina lingine, kama jina la kabla ya ndoa, likaonekana kwenye ukurasa wako. Tunawasihi dada zetu waitumie nafasi hiyo.

Kwa nini tunasihi? Kwa sababu wengi wetu bado tunatafutwa. Siku ya vita kila mtu alikimbilia njia yake. Yuko mama anayemtafuta binti yake, yuko kaka aliyevukia nchi nyingine. Wao wanalijua jina moja tu, lile ulilopewa nyumbani. Hawajui kwamba umeolewa, wala hawamjui mume wako. Ukilifuta jina lile kila mahali, umefunga mlango ambao mtu wa damu yako anaupapasa gizani. Hata Msalaba Mwekundu wanapomtafuta mtu huuliza jina lake na majina ya wazazi wake. Jina la baba yako liwe mahali linapoweza kuonekana.

Lango la sita: shule na kazi. Diploma na vyeti vya mitihani vibaki na jina ulilosomea. Usikwaruze, usiandike juu. Unapoomba kazi au masomo, weka nakala ya cheti cha ndoa pamoja na diploma, ili anayesoma aone kwamba ni mtu mmoja.

4. HERUFI MOJA

Katika Waamuzi 12 watu wa Efraimu walikuwa wakikimbia, wakafika kwenye vivuko vya Yordani. Pale waliulizwa watamke neno Shibolethi. Waliotamka Sibolethi walijulikana ni nani wakauawa. Katika mapigano yale walianguka Waefraimu 42,000. Sisi tulipita vizuizi njiani; hatuhitaji kuelezwa jinsi sauti moja inavyoweza kumwangamiza mtu.

Leo herufi haituui, lakini inatukwamisha. Riziki ameandikwa Liziki. Byamungu ameandikwa Byamungo. Jina la Kirundi lenye herufi nyingi limepotezewa mbili. Unapopewa karatasi yoyote, isome hapo hapo kabla hujaondoka dirishani. Kama hujui kusoma, nenda na mtu unayemwamini. Kosa la herufi lisahihishwe kabla ya kubadili jina, la sivyo utakuwa na majina matatu badala ya mawili.

Tunashauri kila nyumba iwe na daftari dogo. Ukurasa mmoja, andika kila mahali ambapo jina lako liko: cheti, karatasi ya familia, kitambulisho, laini, akiba, barua pepe, Facebook, shule ya watoto, zahanati. Mbele ya kila mahali andika jina kama lilivyo pale. Likibadilika, weka alama na tarehe. Neno la siri usiliandike humo.

5. MWILI MMOJA, LAKINI KILA MMOJA NA UFUNGUO WAKE

Hili tunalisema kwa upole. Tumeona waume ambao, kwa kisingizio cha kubadili jina, walichukua laini na kitambulisho cha mke wakavitunza wao. Tumeona pia vijana wa vibanda wanaofungulia watu akaunti kisha wanabaki na neno la siri. Efeso 5:28 inamfundisha mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Hakuna mtu anayeunyang'anya mkono wake mwenyewe. Waume wawasaidie wake zao kupita malango haya, wasiwe wao ndio lango lililofungwa. Na mama mjane, au aliyeachwa, ajue kwamba akiwa na jina lake na karatasi yake mkononi, hajabaki mikono mitupu.

6. JINA LILILOANDIKWA MBINGUNI

Wale wanafunzi 70 waliporudi wakifurahia kazi yao, Bwana aliwaelekeza kwenye furaha iliyo kubwa zaidi, kwamba majina yao yameandikwa mbinguni (Luka 10:20). Kitabu kile hakipotezi herufi. Wewe uliyeandikwa vibaya mpakani, uliyeambiwa "huyu si wewe", kule unajulikana.

Lakini mtu asitumie andiko hilo kudharau karatasi za duniani. Paulo alikuwa na uraia wa mbinguni, ila walipomfunga kamba wampige mijeledi, alitaja uraia wake wa Rumi, na jemadari akaogopa (Matendo 22:25-29). Mungu aliitumia haki ile kumlinda mtumishi wake. Hata karatasi yako yaweza kuwa ngao ambayo Mungu anaitumia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wana wa Barzilai wa Ezra 2:61-63 walipata hasara gani? Je, jambo kama hilo limewahi kutokea katika nyumba yako?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuandikisha ndoa na kubadili jina? Elezaneni wawili wawili.
3. Boazi alifanya nini kabla ya kumchukua Ruthu nyumbani? Vijana wetu wanafanya nini kwanza?
4. Ni nani anayeweza kuwa anakutafuta leo? Anakujua kwa jina gani?
5. Kila mmoja alete kitambulisho chake juma lijalo. Tusome majina pamoja, herufi kwa herufi.

SALA

Bwana, wewe unayewaita kondoo wako kwa majina yao, tusaidie kutunza majina uliyotupa kwa wazazi wetu na nyumba ulizotupa kwa ndoa. Wakumbuke wanaongoja dirishani, na wanaowatafuta watu wao. Utusamehe sisi watumishi wako pale tulipoandika kwa haraka. Katika jina la Yesu Kristo, jina lipitalo kila jina. Amina.